Chupa ya Kupewa

Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajavaa koti lake jeupe la kazi, Wilkister alituma jarida lake. Aliliita Funda la Ijumaa, na halikuwa kubwa: barua pepe moja, mvinyo mmoja au miwili, maneno machache ya Kiswahili cha kueleweka. Wasomaji walikuwa watu wa Thika, Ruiru na Juja waliochanga kidogo kila mwezi kwa simu ili mtu mmoja awaambie ukweli. Hapakuwa na tangazo hata moja, wala picha ya msichana ameshika glasi kando ya bwawa la kuogelea. Palikuwa na jina la mvinyo, duka alikoununua, kama rafu ilikuwa kivulini au juani, na kama ulifaa kununuliwa au kuachiwa wenyewe.

Kuonja ndiyo iliyokuwa kazi yake. Siku za kazi alikuwa mwonjaji wa kahawa katika kiwanda kimoja Thika. Alichota kwa kijiko, akafyonza kwa kelele mpaka kahawa ikamtawanyika kinywani, akatema ndooni, kisha akasema hii inafaa na ile ina kasoro gani. Mvinyo aliuonja vivyo hivyo, mezani kwake Gatongora, huku mumewe Okello akiongeza sauti ya televisheni asisikie hiyo mifyonzo.

Kuna wanaouliza, mtu atalipaje kusoma habari za mvinyo wakati wauzaji wanazitoa bure? Ni swali la haki, ila jibu limo katika hilo neno bure. Muuzaji hajawahi kuwa na chupa mbaya tangu azaliwe. Yule wa mtandaoni aliyeletewa katoni hadi mlangoni naye atasifu, tena kwa kicheko kirefu. Wilkister alikwenda dukani kama mteja mwingine yeyote, akachukua chupa kutoka rafu ile ile ambayo msomaji wake angeifikia kesho, maana mvinyo mzuri ukianikwa dirishani penye jua hupikika, na mnunuzi hana habari mpaka afike nyumbani. Kwa hiyo chini ya kila jarida palikuwa na mstari usiobadilika: Chupa hii nimeinunua kwa michango yenu, na aliyeniuzia hakujua mimi ni nani. Wasomaji walilipia mstari huo kuliko maneno mengine yote.

Msomaji wa kwanza kabisa alikuwa Ngendo, mjane mwenye duka la vitambaa Thika. Alikulia katika nyumba ambayo pombe ilikuwa mambo ya wanaume, na alipoanza kualikwa kwenye sherehe za watu wa mvinyo, alinunua kwa kuangalia uzuri wa karatasi ya chupa, akaibeba roho mkononi. Jarida lilimbadilisha. Sasa aliingia dukani kichwa juu, akataja jina la anachotaka, na wale vijana wa kaunta waliokuwa wakimpita kama kiti wakakimbia kumfutia chupa vumbi.

"Mama Ronny, wewe umenitoa ushamba," alimwambia Wilkister kila walipokutana. Wilkister alicheka na kukataa, lakini maneno hayo aliyapenda sana, pengine kuliko ilivyofaa.

Halafu akaja Mburu. Hapana, huo ni uongo, Mburu alikuwepo siku zote. Alikuwa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lao, na alikuwa na duka la mvinyo pale Kamakis. Mama yake Wilkister alipoletwa kutoka Siaya akiwa hoi, ni Mburu aliyemshusha ngazi za ghorofa mgongoni, akamweka kwenye gari lake na kumfikisha hospitali. Tangu hapo hakuligusia jambo hilo hata siku moja. Hilo ndilo lililomfunga Wilkister, kwa sababu Mburu angelitaja, hata kwa utani, angalau yeye angepata njia ya kumkasirikia.

Jumamosi moja Mburu aliwaita yeye na Okello kula nyama Kamakis. Nyama ilikuja kwenye ubao, ikiwa na kachumbari na ugali, na Mburu akatoa chupa kwenye sanduku la barafu alilolibeba kutoka nyumbani. Ulikuwa mvinyo mwekundu aliokuwa ameanza kuuza mwezi huo.

"Sikuambii uandike," alisema akimimina. "Onja tu uniambie kama nimeleta kitu ama nimeleta aibu."

Wilkister akaonja. Ulikuwa mzuri, na hapo hakudanganya mtu. Ulikuwa na ladha ya zambarau zilizoiva, na mwishoni ukali mdogo wa majani ya chai uliosafisha kinywa. Alichopaswa kusema alikijua: asante sana, nitapitia dukani wiki ijayo ninunue yangu, niionje nyumbani bila nyama. Maneno yalifika kwenye ncha ya ulimi. Akaiangalia ile mikono iliyoshika magoti ya mama yake ngazini, akayameza.

Alhamisi jioni aliandika. Mburu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wala hakumpigia simu kumkumbusha. Wilkister alijituma mwenyewe. Maneno yalikuja vizuri kuliko kawaida, na alipofika chini akakuta ule mstari wake ukimngoja. Akiufuta, wasomaji wangeuliza. Akiandika ukweli, Mburu angeonekana kanisani kama mtu wa kuhonga, naye hakuhonga mtu. Alikaa akiutazama mpaka chai ikapoa. Si mvinyo ni mzuri, akajiambia, basi tofauti iko wapi? Akauacha ulivyo, na asubuhi akatuma.

Wiki iliyofuata Ngendo alipiga simu, na furaha yake ilitangulia sauti.

"Mama Ronny, nimesoma. Nimeenda hapo Kamakis kwa Mburu nikachukua katoni zote zilikuwa. Ruracio ya Muigai ni Jumamosi ile ingine, na lazima ukuje. Utakaa na sisi upande ya kijana."

Muigai alikuwa mwanawe wa pekee, na ruracio ni siku ya kupeleka mahari kwa kina msichana. Msichana, Becky, alikuwa wa Gitothua, na mama yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata asante aliisema kama anayesahihisha daftari. Ngendo alimwogopa. Alikuwa amelalamika kwa Wilkister jinsi mama huyo, walipotembeleana mara ya kwanza, alivyouliza kwa upole kama huko Thika watu hunywa mvinyo au ni soda tu. Kwa Ngendo, hizo katoni ndizo zingejibu.

"Umeonja hata moja?" Wilkister aliuliza.

"Nionje ya nini? Si umeshaonja?"

Basi alijua cha kufanya. Kamakis ilikuwa njiani mwake. Alihitaji tu kushuka, kuingia dukani, kununua chupa moja na kuifungua nyumbani. Jumatatu alichelewa kazini, Jumanne kulikuwa na mvua, Jumatano mwanawe Ronny alikuwa na mkutano shuleni. Kila siku ilikuja na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli, ila yeye mwenyewe alijua kinachomzuia. Aliogopa atakachokuta. Jumamosi ikafika hajanunua.

Hema la kina Becky lilikuwa limejaa kabla ya saa sita. Wazee walikaa mbele, kina mama upande wa kulia wenye vitambaa vya rangi moja, na Wilkister katikati ya ujumbe wa Thika, Mjaluo peke yake, akipewa kiti kizuri na salamu za heshima. Mzungumzaji wa nyumba ile alikuwa Mzee Kagwe, ndugu mkubwa wa baba yake Becky, mtu mwembamba mwenye kofia na subira. Muratina, ile pombe ya asali ya Kikuyu, ilipoletwa, hakuionja. Alimimina kidogo kwenye pembe, akampa mzee mmoja wa Thika aliyeipika, na watu wote wakatulia mpaka alipokunywa na kujipangusa midomo.

"Ni vile tunafanya hapa," Mzee Kagwe alimweleza Wilkister kwa Kiswahili, akimwona mgeni anatazama. "Kinywaji ya watu inaonjwa kwanza na mwenye ameileta. Hiyo ndio ahadi. Tukigonjeka, tugonjeke na yeye."

Watu walicheka. Kisha zikaja chupa za kina mama, na Ngendo akasimama, uso unang'aa. "Hizi nimezileta mimi," alisema, "lakini mwenye alizichagua ni huyu dada yetu. Yeye huonja kahawa kwa kiwanda na huonja waini kwa gazeti yake, na hakuna mtu amemnunua. Wacha aonje yeye."

Wakampigia makofi. Kijana akachukua chupa kuifungua, na Wilkister akaiona kabla ya kuionja: kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo, na ubavuni pa chupa kulikuwa na mchirizi uliokauka, unaonata. Chupa iliyopata joto hufanya hivyo. Alikumbuka duka la Mburu, la mabati matupu, katoni zimepangwa mpaka karibu na paa. Ile aliyoionja yeye haikulala humo. Ilitoka kwenye friji ya nyumbani.

Hakufyonza kwa kelele siku hiyo. Alivuta funda dogo la adabu, na likamjia kinywani vile alivyokuwa ameogopa, sukari iliyoungua mbele na siki nyuma, katikati hamna kitu. Kiwandani angetema. Lakini angetema wapi, juu ya zulia la watu, mbele ya wakwe? Akameza.

"Haya, mami," alisema Mzee Kagwe. "Tuseme aje?"

Hema zima lilimtazama. Alimwona Ngendo, mikono imekunjwa kifuani, anangoja kama mtoto anayesomewa matokeo. Angeweza kusema. Ni neno moja tu, na angelisema kama angekuwa yule mtu ambaye watu walidhani wanamlipa.

"Ni nzuri," alisema.

Glasi zikajazwa. Ngendo hakukaa. Alipita kati ya kina mama wa Gitothua akiwafundisha kwa maneno ya jarida, neno kwa neno, kwa moyo wake wote. "Usimeze haraka. Shikilia kidogo. Hapo mbele utasikia zambarau, halafu mwisho kuna kitu kama majani chai. Umesikia?" Mmoja akakohoa. Mwingine akasema ndiyo, amesikia, akaiweka chini. "Inataka kuzoea," Ngendo aliwaambia, na Wilkister akatamani ardhi ipasuke, kwa maana yale maneno yalikuwa yake, aliyaandika mwenyewe akiwa na chai mkononi, na sasa mwanamke mzima alikuwa akiyatembeza kutoka kiti hadi kiti akitafuta mtu wa kuyakubali.

Mama Becky alinywa funda moja. Alisogeza glasi yake taratibu nyuma ya chombo cha maua, akaomba maji.

Ngendo aliona. Alirudi akaketi kando ya Wilkister, akachukua glasi yake mwenyewe, akaonja, akaonja tena, macho ameyafumba, anatafuta.

"Mama Ronny," alinong'ona. "Mimi nasikia tu kama siki. Ni hii homa, sindio? Nimekuwa na homa tangu Jumatano."

Hapa ndipo Wilkister angeokoka. Hakuna aliyekuwa akisikiliza, wala mzee aliyemkazia macho. Palikuwa na rafiki yake tu, anayemuuliza kama ulimi wake mwenyewe unamdanganya. Akaona haya. Haya ikamfanya akimbilie pale pale alipokuwa amekimbilia kila mara.

"Pengine ni homa," alijibu.

Ngendo alitikisa kichwa kukubali, akashukuru, akajilazimisha kunywa kidogo tena. Wilkister alimtazama akimeza, na akajichukia waziwazi, bila kujitafutia sababu yoyote. Mvinyo mbovu humwagwa ukasahaulika. Lakini Ngendo alikuwa amefika mahali pa kukataa kinywa chake akaamini maandishi ya mtu aliyemdanganya, na alikuwa akilipia.

Chakula kilipokuwa kinaandaliwa, mama wa kijana alipewa nafasi ya kushukuru. Ngendo alisimama bila ule mng'aro wa mwanzo. Alishukuru kwa kupokelewa, akamsifu Becky, na Muigai akainama kwa furaha. Kisha akacheka kicheko kifupi.

"Na hiyo waini, msiilaumu. Iko sawa, imeandikwa na mtu anajua. Ni mimi sijui kuiweka wala kuipatanisha na chakula. Sisi tumezoea chai."

"Hakuna shida, mama," alisema Mama Becky, mpole kabisa. "Tutafundishana."

Mtu fulani huko nyuma akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ila shingo ya Ngendo iliinama kidogo, na akaanza kurekebisha kitambaa chake ambacho hakikuwa na kasoro.

Wilkister akajikuta amesimama. Kwenye ruracio mgeni hasimami bila kuitwa, sembuse mwanamke wa upande wa wanaoomba, na Mzee Kagwe aliinua mkono kumkalisha. Hakukaa.

"Mzee, naomba unisamehe. Hiyo waini imeharibika. Imepikwa na joto. Mama Muigai hana homa, hakuna mtu hapa hajui kuonja. Mwenye amekosa ni mimi." Akamgeukia Ngendo. "Niliandika nimeinunua dukani, na sikuinunua. Nilipewa na mtu kwa meza yake, ikiwa baridi, na nyama juu. Ya dukani sikuwahi kuigusa."

Jikoni mtu alikuwa akipanga sahani, na hizo sahani zilisikika moja moja.

"Lakini umeonja hapa," alisema Mzee Kagwe. "Umeonja ya kwanza, mbele yetu. Ukasema ni nzuri."

"Ndiyo, mzee."

"Hukujua?"

"Nilijua."

Mzee hakukasirika, na Wilkister angefurahi kama angekasirika. Aligeukia vijana akawaambia wakusanye zile glasi na walete soda baridi, kisha akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Mama Muigai hana makosa." Mama Becky akanyanyuka mwenyewe, akaitoa glasi yake nyuma ya maua, akaenda kumshika Ngendo mkono, na akamwambia kitu sikioni kilichowafanya wote wawili watabasamu. Angalau hilo lilinyooka.

Shughuli iliendelea. Hakuna aliyemkaripia Wilkister. Alipewa sahani iliyojaa, nyama, mukimo na chapati, na mama aliyemletea alimwambia kula, mami, ile adabu ya kawaida kwa mgeni yeyote. Alikula vijiko vichache, kinywa hakina ladha. Hakuna aliyemuuliza tena kitu chochote kuhusu mvinyo, na kina mama wawili waliokuwa wameomba wajiandikishe kwa jarida walikuwa wakizungumza na watu wengine.

Jioni ilipoanza kuingia, watu wa Thika walitoka kuelekea magari. Ngendo alikuwa amesimama langoni, viatu vya kisigino mkononi, miguu imevimba. Wilkister alimfuata, akasimama mbele yake.

"Ijumaa nitaandika yote," alisema. "Na jina yangu, na vile nilifanya. Wenye wanataka kutoka watoke. Na Mburu nitamwambia leo, mimi mwenyewe."

"Andika," Ngendo alijibu.

"Mama Muigai, nisamehe."

"Nimekusamehe. Si umesimama?" Alisema hivyo bila chuki, na ilikuwa kweli, alikuwa mtu wa kusamehe haraka. Lakini hakuondoka. Alikuwa anafikiria kitu, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtu aliyepapasa mfuko akakosa ufunguo. "Ile tulikunywa kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Ile nyeupe. Nilirudi nyumbani nikasema sijawahi kunywa kitu tamu hivyo. Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu. Ile niliinunua. Naapa."

Ngendo alimtazama machoni, akimsoma kwa makini, kama alivyozoea kusoma jarida dukani kabla ya kutaja jina la chupa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini sasa nitajuaje?"

Muigai akapiga honi, na Ngendo akainama kuvaa viatu vyake.